Mashine ya kukalia ya kukata majani haiwaki: pima kwanza, ndipo uchague betri

Lubumbashi mvua zikianza, mwezi wa kumi kwenda wa kumi na moja, majani yanapanda haraka, na mashine zilizolala tangu mwezi wa tano zinatolewa hangarini. Unageuza ufunguo, unasikia "tik" au husikii kitu, na kila anayepita anasema: nunua betri. Mara nyingi kweli betri imekufa. Lakini kuna kilichoiua, na ukiweka mpya bila kukijua, hata hiyo haitamaliza msimu. Mara nyingine betri ni nzima kabisa na fedha inatolewa bure.

Kazi yote inahitaji multimeta ya kawaida, spana ya milimita 10 au 11, brashi ya waya na chaja ndogo. Ukiwa na betri ya kumimina maji, tafuta pia hidromita (kifaa cha kupimia uzito wa asidi). Kabla ya yote, usivute sigara karibu na betri inayochajiwa, maana inatoa hidrojeni. Vaa miwani, na ukifungua waya anza na ule hasi.

Betri ikiwa imepumzika

Pima baada ya betri kukaa saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa. Ikiwa umetoka kuichaji, washa taa za mashine dakika mbili kisha uzime, la sivyo multimeta itakuonyesha nguvu ya juujuu ambayo haidumu.

Betri ya asidi iliyojaa inasoma volti 12.6 hadi 12.7. Ya AGM (iliyofungwa, asidi yake ikiwa imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo) hufika 12.8 au zaidi kidogo. Volti 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.9 hakuna kitu cha kuwashia injini. Ikisoma kama 10.5 hata baada ya kuchajiwa usiku kucha, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, na hakuna dawa.

Namba hiyo peke yake haitoshi. Betri iliyochoka inaweza kusoma 12.6 vizuri, halafu ikaanguka mara tu stata (mota inayozungusha injini ili iwake) inapoomba umeme. Kwa hiyo weka ncha za multimeta juu ya vichwa vya betri vyenyewe, si kwenye vibano vya waya, na mtu mwingine ageuze ufunguo sekunde tatu. Ikibaki juu ya volti 9.6 injini ikizunguka, betri inafanya kazi yake. Ikishuka hadi 8 au 7 ilhali ilikuwa imejaa, imekwisha.

Kwa betri yenye vifuniko, hidromita inasema ukweli zaidi ya multimeta. Kila chumba kilichojaa kinasoma karibu 1.265, na cha nusu karibu 1.190. Tofauti ya 0.050 kati ya chumba kimoja na vingine ni dalili ya chumba kibovu, hata kama volti za jumla zinapendeza.

Kimya kabisa, hata "tik" hakuna

Betri iliyokufa kabisa inaweza kufanya hivi, lakini kama umepima 12.4 au zaidi, iache. Mashine hizi zina swichi za usalama tatu au nne: chini ya kiti, kwenye pedali ya breki, kwenye kifaa cha kuwasha visu, na nyingine kwenye gia ya kurudi nyuma. Moja ikikatika, umeme unaweza usifike kwenye solenoidi, ile swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye stata. Kanyaga pedali hadi mwisho, visu viwe vimezimwa, kaa vizuri kwenye kiti. Kisha angalia fyuzi, ambayo mara nyingi ni ya ampea 15 au 20 na imewekwa karibu na betri au chini ya dashibodi.

Kiangazi chetu kina jambo lake hapa. Vumbi jekundu na majani makavu hujaa chini ya kiti, na panya wanapenda kulala hapo na kutafuna waya. Kiinue kiti, safisha, fuata kila waya kwa vidole.

"Tik-tik-tik" ya haraka

Solenoidi inafunga, volti zinaanguka, inaachia, inafunga tena. Sababu ni betri dhaifu au mguso mbaya, na mguso mbaya ni mwingi kuliko watu wanavyodhani. Fungua vibano, vioshe kwa maji yenye bikabonati (kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe cha maji), bila kuruhusu maji hayo yaingie ndani ya betri. Piga brashi mpaka risasi ing'ae, kausha, kaza, kisha paka vaselini juu.

Usisahau upande wa pili wa waya hasi, pale unapofungwa kwenye fremu. Huko rangi, kutu na asidi iliyomwagika hujificha. Kupima: ncha moja ya multimeta kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha geuza ufunguo. Injini ikijaribu kuzunguka, usomaji uwe chini ya volti 0.2. Ukipata 0.5 au 1, waya au mguso unakula umeme wako na betri mpya haitasaidia.

"Tik" moja, kisha kimya

Hapa, kama umepima na betri ni nzima, solenoidi inafunga lakini umeme haupiti, au stata haizunguki. Pima kati ya boliti mbili kubwa za solenoidi ufunguo ukiwa umegeuzwa: zikisoma karibu volti 12, mabati ya ndani yameungua na solenoidi inabadilishwa. Zikisoma karibu sifuri, umeme umepita hadi kwenye stata, na tatizo ni stata yenyewe au injini iliyokwama.

Injini inazunguka kidogo, inagonga, inasimama

Dalili hii ndiyo inayowauzia watu betri nyingi zisizohitajika, kwa hiyo tuikalie kidogo.

Injini nyingi za silinda moja zenye valvu juu zina kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha: valvu inafunguliwa kidogo tu ili stata isibebe mzigo wote. Nafasi ya valvu ikipanuka kwa kuchakaa, ule mfunguo mdogo unapotea. Stata inafika kwenye mgandamizo, inagota, inarudi nyuma. Anayesikia anasema betri haina nguvu. Unaweka betri mpya kali zaidi, inawaka mara chache kwa kulazimisha, kisha shida inarudi, na safari hii stata nayo imeanza kuungua.

Namna ya kutofautisha: toa plagi (buji) na ugeuze ufunguo. Injini ikizunguka kwa kasi bila plagi lakini ikagota ikiwa nayo, na betri inasoma juu ya 12.5, fungua kifuniko cha valvu. Kwa injini nyingi za Briggs & Stratton za silinda moja za aina hii, nafasi ya valvu ya kuingiza ni milimita 0.08 hadi 0.13, na ya kutolea moshi 0.13 hadi 0.18. Hupimwa injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa imepita kilele cha mgandamizo kwa takriban milimita 6, ili kile kifaa kisiwe kinagusa valvu. Injini nyingine zina namba zake, zifuate. Ni kazi ya nusu saa na vibao vya kupimia nafasi, na haigharimu chochote.

Isipozunguka hata bila plagi, rudi kwa betri, waya na stata.

Asubuhi inawaka, baada ya kazi haiwaki tena

Betri haijazwi. Washa injini, sukuma mkono wa mafuta hadi kasi ya kazi, pima kwenye vichwa vya betri. Unatakiwa kuona kati ya volti 13.5 na 14.7. Ikibaki 12.4 na inashuka polepole, mfumo wa kuchaji umekufa. Ikipita 15, regulata (kidhibiti cha volti za kuchaji) imeharibika na inaichemsha betri: utaona maji yanakwisha haraka, harufu ya mayai yaliyooza, na ubavu uliovimba kwa betri iliyofungwa.

Injini ya petroli inazalisha cheche yenyewe kwa sumaku za flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini), kwa hiyo inaendelea kukata majani hata betri isipochajiwa. Ndiyo maana kasoro hii hujificha. Kwa mashine yenye klachi ya umeme ya visu, inayokula ampea 4 hivi, dalili ya kwanza ni visu kuachia vyenyewe baada ya saa moja au mbili, injini ikiwa bado inanguruma. Nyingine zina vali ya umeme chini ya kabureta. Volti zikianguka, vali inafunga na injini inazimika kana kwamba mafuta yamekwisha.

Kagua fyuzi ya kuchaji na plagi ya waya inayotoka chini ya flaiwili, kisha pima umeme wa AC (wa kwenda na kurudi) unaoingia kwenye regulata. Kwa mifumo yenye regulata hutarajiwa volti 20 hadi 30 injini ikiwa kwenye kasi ya juu. Zikiwapo na betri haipati kitu, regulata imekufa au haijashika chuma cha injini vizuri. Zisipokuwapo, tatizo ni koili.

Mashine ndogo nyingi zina mfumo wa diodi tu (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja), bila regulata, wa ampea 3 hivi. Hizo hazina kasoro, ila zinajaza polepole. Kuwasha mara moja kwa ampea 150 kwa sekunde 5 kunatumia takriban 0.2 Ah (ampea-saa), na ampea 3 zinairudisha kwa dakika nne au tano, zaidi kidogo kwa sababu ya upotevu. Mtunza bustani anayezima na kuwasha kila baada ya dakika mbili ili kusogeza mawe au kumwaga mfuko wa majani anaitoa betri umeme mwingi kuliko inavyojazwa. Mwambie aache injini ikizunguka baina ya kazi hizo, breki ikiwa imefungwa na visu vimezimwa. Mkono usiingie kwenye sehemu ya visu injini ikiwaka, hata visu vikiwa vimesimama.

Betri inakwisha mashine ikiwa imeegeshwa

Toa waya hasi, weka multimeta kwenye upande wa miliampea kati ya waya na kichwa hasi, ufunguo ukiwa umezimwa. Usigeuze ufunguo wakati huo, utaunguza multimeta. Kwa kawaida usomaji uwe sifuri au miliampea chache. Miliampea 50 zinamaliza betri ya 28 Ah kwa siku 23. Toa fyuzi moja moja hadi usomaji uanguke, na uchunguze pia regulata: diodi yake ikivuja, umeme unarudi nyuma usiku kucha.

Ikiwa hakuna uvujaji, jibu ni kiangazi. Betri ya kawaida inapoteza karibu asilimia 5 ya nguvu kila mwezi kwenye nyuzi 25, na joto likipanda nyuzi 10 upotevu unakaribia kuwa mara mbili. Kutoka mwezi wa tano hadi wa kumi ni muda wa kutosha kuishusha mahali ambapo fuwele za salfeti zinaganda kwenye bamba za risasi na hazitoki tena. Hii ndiyo sababu kubwa ya vifo vya betri za mashine hizi hapa Katanga, kuliko uchakavu wa kazi.

Kuchagua mpya: mambo matatu, kwa mpangilio huu

La kwanza ni kisanduku. Mashine nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia saizi ya U1: urefu milimita 197, upana 132, kimo 186 pamoja na vichwa. Za Ulaya nyingi hutumia ndogo kidogo ya 24 Ah, karibu 184 kwa 124 kwa 175. Usimwambie muuzaji jina la mashine, mpe vipimo. Pima tundu la betri, si betri ya zamani pekee, maana ya zamani huenda nayo ilikuwa ya kubahatisha.

La pili ni upande wa vichwa. Igeuze betri vichwa viwe karibu nawe: chanya ikiwa kulia ni U1R, ikiwa kushoto ni U1L. Ukikosea, waya hazifiki, na anayezivuta kwa nguvu anaishia kuzipishanisha au kuugusisha waya chanya na chuma cha kiti. Kuunganisha kinyume hata kwa sekunde moja kunaunguza diodi au regulata.

La tatu ni nguvu ya kuwashia, inayoandikwa CCA, au kwa Kifaransa *courant de démarrage à froid*. Silinda moja inaridhika na ampea 180 hadi 230. Silinda mbili za V zipewe 230 hadi 300 au zaidi. Namba ikizidi haidhuru chochote, stata inachukua inachohitaji. Kuwa mwangalifu tu na kipimo: CA hupimwa kwenye nyuzi 0 badala ya -18, hivyo CA 300 ni kama CCA 240. Namba ya DIN (kipimo cha Kijerumani) huonekana ndogo sana, na DIN 180 inakaribia 300 ya EN, kipimo cha Ulaya. Usizilinganishe bila kutazama herufi. Baridi nayo ina maana hapa: tuko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba mafuta ya injini ni mazito.

Uwezo wa Ah unafuata mwisho. 28 hadi 35 unafaa kwa U1. Ukubwa zaidi hauleti faida kwenye mfumo wa ampea 3.

Si kila wakati U1 inapatikana mjini. Nyingi huja kupitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini na huisha mapema msimu ukianza. Watu hutumia mbadala, na baadhi yake unafaa.

Betri ya gari dogo ya NS40 ina urefu na upana karibu sawa na U1, takriban 197 kwa 129, na nguvu ya kutosha. Tatizo ni kimo: pamoja na vichwa inafika karibu milimita 227. Iweke tundu likiwa na nafasi hiyo, vinginevyo kiti au boneti itagusa chanya na kutoa moto. Vichwa vyake ni vya duara na vyembamba kuliko vya betri kubwa, kwa hiyo waya zenye matundu bapa zinahitaji vibano vipya. Usizifunge kwa msumari au waya wa shaba uliosokotwa.

Betri ya AGM ya sola au UPS ya 12V 33 au 35 Ah ina takriban umbo lile lile la U1 na inapatikana kwa wauza sola. Kwa silinda moja inawasha. Lakini imetengenezwa kutoa umeme kidogo kwa muda mrefu, si mwingi kwa mara moja, na kwenye silinda mbili itachoka mapema. Ya 18 Ah yenye upana wa milimita 77 usiichukue. Itacheza ndani ya tundu, na mtikisiko wa visu utavunja viungo vya ndani.

Betri ya pikipiki ya 7 au 9 Ah haifai. Inaweza kuwasha mara moja dukani, na hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Za lithiamu nazo ziache ikiwa mashine yako ni ya diodi tu, kwa kuwa zinahitaji kuchajiwa kwa volti zinazodhibitiwa.

Dukani, pima kabla ya kulipa. Betri iliyofungwa inayosoma chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu, omba nyingine. Tafuta tarehe iliyogongwa kwenye plastiki au kibandiko, na usikubali vichwa vyenye mikwaruzo ya vibano.

Ikiwa ni betri kavu inayouzwa na chupa ya asidi, jaza hadi alama, iache nusu saa, ongeza asidi hiyo hiyo pale iliposhuka, kisha chaji polepole hadi ijae. Muuzaji akikuambia ni tayari mara baada ya kumimina, usimsikilize: bila chaji ya kwanza haitafikia uwezo wake kamwe. Baada ya hapo huongezewa maji ya betri tu, wala si asidi, wala si maji ya bomba la REGIDESO, kwa sababu madini yake yanabaki kwenye bamba.

Kuifunga na kuitunza

Chanya kwanza, hasi mwisho, na mfuniko wa mpira juu ya chanya. Mkanda wa kushikilia betri ni lazima. Ikiwa wa zamani umekatika, mkanda wa mpira wa tairi la ndani ukivutwa vizuri unafanya kazi. Kisha rudia kipimo cha kuchaji injini ikiwaka siku hiyo hiyo.

Chaji kwa sehemu moja ya kumi ya uwezo: ampea 3 kwa betri ya 28 Ah. Chaja kubwa za kando ya barabara, zinazofungwa kwenye betri za malori kumi kwa mkupuo, zinachemsha betri ndogo kwa muda mfupi. Tundu la volti 12 la jenereta ndogo mara nyingi halina regulata. Litumie kwa kukaa karibu na multimeta mkononi na kuzima ikifika 14.4.

Kwa miezi ya kiangazi, toa betri, ijaze, ihifadhi penye kivuli, na uichaji tena kila baada ya wiki sita. Umeme wa SNEL ukikatika katikati ya chaji, kagua kama chaja yako inaanza yenyewe ukirudi. Nyingi za kielektroniki husubiri kubonyezwa. Njia iliyo rahisi zaidi ni paneli ya wati 10 au 20 yenye kidhibiti kidogo, ikifungwa juu ya hangari na kuunganishwa na betri tangu mwezi wa tano. Betri iliyokufa usiimwage asidi yake kwenye udongo wala kumpa mtu wa kuyeyusha risasi nyumbani penye watoto. Irudishe dukani ikiwa nzima na asidi yake ndani, na uulize kama wanapunguza bei ya mpya kwa kuipokea.